Kusoma Shehena kwa Macho: Kazi ya Watazama Meli wa Bosphorus

Vita vya Syria vilipopamba moto, Urusi haikuwa na sababu ya kutangaza ni zana gani zilizokuwa zikitoka Sevastopol na Novorossiysk kwenda bandari ya Tartus. Hata hivyo, magazeti ya dunia yalikuwa na hesabu karibu kila wiki: manowari gani imepita, siku gani, juu ya sitaha kulikuwa na malori mangapi, na wakati wa kurudi ilikuwa nyepesi kiasi gani. Sehemu kubwa ya hesabu hizo haikutoka kwa majasusi. Ilitoka kwa wakazi wa Istanbul waliokuwa na kamera, daftari na mapenzi ya meli. Anayejulikana zaidi kati yao ni Yörük Işık. Mwingine ni Devrim Yaylalı, aliyekuwa akifuatilia manowari muda mrefu kabla ya vita hivyo. Msururu ule wa meli ukabatizwa jina la Ekspresi ya Syria.

Wengi waliosikia habari zao wanadhani siri ilikuwa lenzi ndefu. Lenzi ilisaidia, sikatai, lakini mwenye lenzi nzuri na asiye na kumbukumbu angepata picha za kupamba ukuta tu. Kilichofanya kazi ni kupiga picha ya chombo kilekile, mahali palepale, kikienda na kikirudi, kisha kuzilinganisha.

Tuanze na mahali. Mlango bahari wa Bosphorus una urefu wa takriban kilomita 31, na kwenye wembamba wake, kati ya ngome za Rumeli Hisarı na Anadolu Hisarı, upana ni kama mita 700 tu. Karibu na Yeniköy meli hulazimika kukata kona ya nyuzi 80 hivi. Mwendo umewekewa kikomo cha maili 10 za baharini kwa saa. Meli zipatazo 40,000 hupita kwa mwaka, katikati ya jiji la mamilioni ya watu, na kila moja huchukua saa moja na nusu hivi kuvuka. Mtu anaweza kuiona ikiingia upande wa Bahari Nyeusi, akanywa chai yake, akaisubiri mbele. Mwenyeji wa Likoni, Mombasa, ambako meli hupita mbele ya feri, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwanga nao una utaratibu wake. Asubuhi jua liko mashariki, kwa hiyo mpiga picha hukaa ukingo wa Asia ili jua liwe mgongoni kwake na ubavu wa meli ung'ae. Alasiri huvuka upande wa Ulaya. Ubavu uliomo kivulini hauonyeshi namba wala kutu.

Lakini zawadi kubwa kuliko zote ilitoka kwa wanasheria. Mkataba wa Montreux, uliotiwa saini tarehe 20 Julai 1936, ndio unaoongoza upitaji katika milango bahari ya Uturuki. Meli za biashara hupita usiku na mchana. Manowari za kawaida, kwa mujibu wa kifungu cha 10, lazima zianze kuvuka wakati wa mchana. Nyambizi zenyewe hazina budi kupita mchana, juu ya maji, moja moja. Juu ya hayo, serikali ya Uturuki lazima iarifiwe mapema, kwa kawaida siku nane. Waliouandika mkataba ule walikuwa wakifikiria mizinga na usalama wa Uturuki. Hawakujua kwamba, karibu miaka 80 baadaye, wangewahakikishia watazama meli mwanga wa kutosha.

Sasa utambulisho. Kwa meli ya biashara kazi ni rahisi, kwa sababu kila moja ina namba ya IMO yenye tarakimu saba, nayo haibadiliki hata mmiliki, bendera na jina vikibadilishwa mara kumi. Tangu mwaka 2004 kanuni zinataka namba hiyo iandikwe pia kwenye mwili wa meli, na ile ya nje isipungue milimita 200 kwa kimo. Uzuri wake ni kwamba inajikagua yenyewe. Chukua Ever Given, meli iliyoziba mfereji wa Suez mwaka 2021, yenye namba 9811000. Zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo: 63, 48, 5, 4, 0 na 0. Jumla ni 120, inayoishia na 0, na tarakimu ya saba ni 0. Mtazama meli aliyesoma namba vibaya kwa sababu ya ukungu mara nyingi hugundua kosa pale pale alipo, kabla hajatangaza jambo la aibu.

Manowari hazina namba ya IMO. Zina namba za ubavuni ambazo jeshi huzipaka litakavyo. Meli ya kutua wanajeshi Tsezar Kunikov ilikuwa na 158, Nikolay Filchenkov 152. Kwa hiyo mtazamaji makini hakutegemea namba peke yake. Alikariri umbo la milingoti, mpangilio wa madirisha ya daraja, bonyeo la zamani karibu na omo, mahali kutu inapochuruzika kila mara. Vitu hivi havijaandikwa popote. Hujifunzwa kwa kuiona meli ileile mara nyingi.

Hapa ndipo tunafika kwenye shehena, na ndipo pana utamu. Kwenye omo na kwenye tezi ya meli kuna safu ya tarakimu zinazoonyesha mwili umezama mita ngapi. Kwa vipimo vya mita, kila tarakimu ina kimo cha sentimita 10, na kati ya moja na inayofuata pana nafasi ya sentimita 10. Maji yakigusa kitako cha tarakimu, unasoma hesabu kamili. Yakifika kichwani, umeongeza sentimita 10. Hata pale tarakimu hazisomeki kwa mbali, rangi ya chini, mara nyingi nyekundu, inatosha kuonyesha tofauti: ikijitokeza utepe mpana, meli ni nyepesi.

Nyepesi kiasi gani? Tukokotoe. Meli nyingi za Ekspresi ile zilikuwa za aina ambayo nchi za Magharibi huiita Ropucha, zilizojengwa Gdańsk, Poland. Urefu ni mita 112.5, upana mita 15. Kwa kuwa mwili unachongoka mbele, eneo lake kwenye mstari wa maji tunaweza kulikadiria kuwa mita za mraba 1,270. Meli ikizama sentimita moja zaidi, inasukuma mita za ujazo 12.7 za maji, yaani tani 13 hivi. Aina hii hubeba takriban tani 450 za zana. Gawanya: tofauti ya meli iliyojaa na iliyoshusha ni kama sentimita 35. Ni kimo kidogo kuliko goti la mtu mzima, kikisomwa kutoka mita mia kadhaa, chombo kikiwa mwendoni na wimbi la omo likiruka.

Ndiyo maana siwaamini wanaotazama picha moja na kutangaza kwamba meli "imejaa silaha". Imejaa kulinganisha na nini? Mafuta yaliyochomwa njiani nayo hupunguza uzito. Farumi ya maji, yaani maji ya kuisawazisha meli, ikiongezwa au ikitolewa hubadilisha kila kitu. Hata maji yenyewe yana hila: Bahari Nyeusi ina chumvi kidogo kuliko Mediterania, na meli hiyohiyo, bila kuongezwa hata gunia moja, huzama sentimita kadhaa zaidi katika maji yale mepesi. Watu wa Istanbul walikwepa mtego huu bila kununua chombo chochote. Picha ya kwenda na ya kurudi zote zilipigwa Bosphorus, ndani ya maji yale yale ya juu yanayotiririka kutoka Bahari Nyeusi, kwa hiyo kosa lilikuwa moja kwa zote mbili na likafutika kwenye ulinganisho. Mafuta na farumi havikufutika. Dawa yake ilikuwa wingi: meli ikionekana safari baada ya safari ikishuka kusini imezama na kupanda kaskazini imeinuka, maelezo ya mafuta peke yake yanaanza kuchoka.

Kisha kuna sitaha, ambayo haihitaji hesabu. Malori yaliyofunikwa turubai yana maumbo yake, na mwenye kujua urefu wa meli anaweza kupima urefu wa gari kwa uwiano. Wakati mwingine sitaha ilizungumza zaidi ya ilivyokusudiwa. Desemba 2015, siku chache baada ya Uturuki kuitungua ndege ya kivita ya Urusi, Tsezar Kunikov ilipita Istanbul huku baharia amesimama na kombora la kurushwa begani. Picha zikasambaa, na serikali ya Uturuki ikamwita balozi wa Urusi.

Mwaka huohuo Urusi ilipungukiwa na vyombo vya kubebea, ikanunua meli za mizigo zilizochakaa, baadhi kutoka Uturuki kwenyewe, ikazitia katika huduma ya jeshi lake la majini. Alican Deval ikawa Dvinitsa-50. Mtu aliyeanza kupiga picha wiki hiyo angeona meli ngeni ya kijeshi. Wenyeji waliona jirani aliyebadili nguo, kwa sababu walikuwa na picha zake za miaka ya nyuma. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo gumu zaidi kuiga katika kazi yao yote: kamera inanunuliwa, lakini albamu ya miaka kumi hainunuliki.

Mtambo wa AIS, unaotuma jina na mahali meli ilipo kwa mawimbi ya redio, ungeweza kudhaniwa umewaachisha kazi. Haukufanya hivyo. Manowari hazilazimiki kuuwasha. Na katika meli ya biashara, mahali ilipo hutoka kwenye GPS, lakini bandari inakokwenda na kina cha kuzama huandikwa kwa mkono na ofisa wa darajani, ambaye anaweza kusahau, au kuamua kusahau. Tofauti kati ya kina kilichoandikwa na rangi nyekundu inayoonekana ni habari yenyewe.

Mwishoni mwa Februari 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Uturuki ilitumia kifungu cha 19 cha Montreux, kinachozuia manowari za nchi zinazopigana kupita, isipokuwa zile zinazorudi kwenye kituo chao cha asili. Ekspresi kwa sura yake ya awali ikaisha. Baadhi ya meli zake hazikudumu: Saratov ilizama Berdyansk mwezi uliofuata, na Tsezar Kunikov ikazamishwa karibu na Crimea Februari 2024. Lakini mkataba uleule unaziachia meli za biashara njia ya wazi maadamu Uturuki haimo vitani. Mzigo ukahamia kwenye vyombo kama Sparta IV, ya kampuni ya Oboronlogistika iliyowekewa vikwazo na Marekani. Mtazamaji naye akabadili mbinu: uhakika wa mwanga wa mchana ukapotea, namba ya IMO ikarudi kuwa na maana, na kukisia kilichomo ndani ya mashimo ya shehena yaliyofungwa kukawa kugumu zaidi.

Kiangazi cha mwaka 2022 kulikuwa na kazi nyingine, na hii ilitugusa sisi wa upande huu wa Afrika. Makubaliano ya nafaka ya Bahari Nyeusi yalitiwa saini Istanbul tarehe 22 Julai 2022. Meli ya kwanza, Razoni, ilitoka Odesa tarehe 1 Agosti na mahindi yanayozidi tani 26,000, ikakaguliwa Istanbul. Wiki mbili baadaye Brave Commander ilibeba tani 23,000 za ngano ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwenda Ethiopia kupitia Djibouti. Watu walewale waliohesabu malori ya kijeshi sasa walikuwa wakihesabu ngano.

Je, mbinu hii inafaa kwetu, katika bandari ya Kilindini, Mombasa? Meli zote za bandari hiyo hupita mbele ya feri za Likoni, na bustani ya Mama Ngina ni kibaraza kizuri kuliko vingi duniani. Tahadhari mbili tu. Usielekeze kamera Mtongwe kwenye kambi ya jeshi la majini, wala usiingie bandarini kupiga picha bila kibali. Na usichanganywe na kujaa na kupwa: bamvua huinua meli na maji pamoja, na mstari kwenye ubavu haubadiliki.

Anayetaka kuanza asianze na meli za magari, ingawa ndizo zinazovutia macho. Meli ya namna hiyo yenye urefu wa mita 200 inahitaji zaidi ya tani 50 ili izame sentimita moja. Ikishusha magari 1,000, kila moja tani 1.3, inainuka kama sentimita 25 tu, na ubavu ule mrefu unazimeza. Aanze na ya ngano au klinka. Tani 40,000 zikitoka, ni mita kadhaa, na hata farumi ikijazwa, meli inatoka Likoni rangi nyekundu ikiwa nje na nundu ya omo ikichungulia juu ya maji.