Nilimwita Mtoto

Muhula uliopita niliandika katika insha ya darasani kwamba Alfred Wallis alichora "kama mtoto." Nilipata alama nzuri. Leo naifuta kauli hiyo.

Wallis alizaliwa Devonport, Uingereza, mwaka 1855. Ujanani alikuwa baharia kwenye meli za matanga, akavuka Atlantiki hadi Newfoundland. Baadaye alivua samaki, kisha akafungua duka la vyuma chakavu, kamba na matanga makuukuu mjini St Ives. Mkewe alifariki mwaka 1922. Miaka michache baadaye, akikaribia 70, akaanza kuchora ili kupunguza upweke, kwa rangi za mashua, juu ya vipande vya maboksi.

Mimi niliona meli kubwa kuliko mnara wa taa na nyumba zilizolala ubavu, nikadhani mzee hakujua vipimo. Nimezitazama upya. Bandari ameichora kutoka juu, kama ramani, lakini meli ameichora kutoka ubavuni, kila mlingoti na kila tanga likihesabika. Mtu anayeingiza chombo bandarini wakati wa dhoruba huhitaji mambo hayo mawili: mlango wa bandari uko wapi, na chombo chake kimetweka matanga gani. Bahari yenyewe ni ya kijivu, nyeupe na kahawia, si ile ya buluu ya kadi za watalii. Hata boksi lililokatika upogo hakulinyoosha. Aliacha pembe zake ziiyumbishe meli.

Mwaka 1928 wasanii Ben Nicholson na Christopher Wood walipita mlangoni pake, wakaona picha zimepigiliwa misumari ukutani. Walizipenda, wakajifunza kwake. Hata hivyo, Wallis alifia katika nyumba ya maskini ya Madron mwaka 1942. Kaburi lake lilifunikwa kwa vigae vya mfinyanzi maarufu Bernard Leach, vyenye mtu mdogo chini ya mnara mkubwa wa taa. Leo picha zake zimetundikwa Kettle's Yard, Cambridge.

Ndiyo maana neno "mtoto" linanisumbua. Linaturuhusu kuisifu picha bila kuuheshimu ujuzi wa aliyeichora, kana kwamba ilimtoka kwa bahati tu.

Insha yangu ilishasahihishwa, siwezi kuibadilisha. Lakini wewe ukikutana na picha ya Wallis, kabla ya kuipima kwa rula, tafuta kwanza upepo unavuma kutoka wapi. Yeye alijua.