Utambi wa spiriti na boila iliyonyimwa mvukuto

Injini ndogo ya mvuke inayochoma makaa ya mawe huishi kwa mzunguko mmoja. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutoka kwa kishindo kupitia nozeli iliyo ndani ya chemba ya moshi, hupanda dohani, na katika kupanda kwake hufyonza hewa kupitia chanja, moto na mabomba. Mzigo ukiwa mzito, pumzi za dohani huwa nzito, moto hukolea, na mvuke huongezeka. Injini ndiyo mvukuto wa moto wake yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, wabunifu na watengenezaji wa Uingereza waliamua kuweka taa ya spiriti chini ya boila ya mabomba ya maji, na kuifanya kuwa mtindo wa kawaida kwa injini za reli ya upana wa inchi 2½. Uamuzi huo ulikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, kwa sababu ulikata mzunguko huo.

Boila iliyochaguliwa ilikuwa ya mtindo wa Smithies: gamba la nje linaloonekana kama boila halisi, ndani yake pipa jembamba la maji lenye mabomba machache yaliyoinama, na miali ya taa ikipita katikati. Ni rahisi kuitengeneza, hupata moto upesi, na mwenye injini hachafui mikono. Kampuni ya Bassett-Lowke ya Northampton iliuza injini nyingi za namna hiyo. Kwa muuzaji, hizo zilikuwa sifa tosha. Hoja iliyotolewa kuzitetea ilikuwa kwamba tanuri dogo kiasi hicho haliwezi kushikilia moto wa makaa, na kwamba vipimo vikipungua sana makaa hayafai tena kitu.

Hoja hiyo ilihesabu upande mmoja tu. Injini iliyopunguzwa mara 24 huwa na chanja na pistoni zenye eneo dogo mara 576, lakini uzito wake hupungua mara 13,824. Kwa presha ile ile, nguvu ya silinda ikipimwa na uzito wa injini ni mara 24 ya ile ya injini kubwa. Hata presha ikipunguzwa kwa nusu, bado ni mara 12, na magurudumu huteleza kabla silinda hazijaishiwa nguvu. Waliotetea spiriti waliona tanuri limekuwa dogo, hawakuona kwamba injini yenyewe imekuwa nyepesi zaidi. Nguvu ya kumvuta mtu mzima ilikuwa ndani ya chuma kile kile. Kilichokosekana ni moto wa kuitoa.

Kosa huonekana wazi pale dereva anapokaa kwenye behewa nyuma ya tenda na kufungua valvu ya mvuke. Injini inaondoka vizuri, kwa sababu boila ilikuwa na akiba. Baada ya muda mfupi mshale wa geji unaanza kushuka. Dohani inavuta, lakini utambi hauna habari na dohani: huwaka kwa kadiri unavyonyonya spiriti, na kadiri hiyo haibadiliki injini ikiwa imesimama au ikipanda mwinuko. Kinachovutwa zaidi ni hewa baridi, inayoingia chini ya gamba na kupoza mabomba yale yale yanayotakiwa kuchemsha maji. Injini ikijitahidi zaidi, inajidhuru zaidi. Aliyewahi kupikia jiko la mchina anaijua hali hii: jiko la mkaa ukilipepea makaa yanakuwa mekundu, lakini tambi ukizipepea unapata moshi na mwali unaoyumba. Kilichobaki kwa dereva ni kufunga valvu, kusimama na kungoja presha ipande.

Spiriti yenyewe haina lawama. Kilo moja hutoa megajuli zipatazo 25, na makaa mazuri ya Wales hutoa zaidi ya 30. Tofauti hiyo haitoshi kueleza injini inayosimama njiani. Jambo ni kasi ya moto kuitikia kazi. Juu ya hayo, taa ikifurika, spiriti inayowaka humwagika kati ya magurudumu, na mwali wake hauonekani vizuri juani.

Mabishano haya yalilipuka mwaka 1922 katika jarida la Model Engineer, lililoanzishwa na Percival Marshall mwaka 1898, na yakaitwa Vita vya Maboila. Aliyesimama upande wa makaa ni Lillian Lawrence, aliyeandika kwa jina la LBSC, herufi za kampuni ya reli aliyoipenda. Jibu lake lilikuwa Ayesha, injini ya magurudumu 4-4-2, ya reli ile ile ya inchi 2½, yenye boila ya mabomba ya moto na tanuri la makaa. Iliwashwa, ikavuta, ikaendelea kumvuta mtu mzima. Mwaka 1924 ilionyeshwa mbele ya umma wa London, na hoja ya tanuri dogo ikaisha. Hakuna mbunifu wa baadaye aliyefundisha watu wengi kiasi hicho, kwa maneno mepesi kiasi hicho, kwamba mashine hujibiwa kwa mashine.



Boila ya makaa iliyopangwa vizuri ina kanuni chache. Kwa kanuni ya Keiller, urefu wa bomba la moto ukigawanywa kwa mraba wa kipenyo cha ndani, kwa inchi, huwa kati ya 50 na 70; bomba la kipenyo cha inchi 3/8 linataka urefu wa kati ya inchi 7 na inchi 10 hivi. Nozeli ikae katikati kabisa chini ya dohani. Moto huanzishwa kwa mkaa uliolowekwa mafuta ya taa, feni ndogo ikivuta juu ya dohani, kisha makaa ya ukubwa wa punje za mahindi hutiwa kidogo kidogo.

Kosa la zamani limerudi katika injini za gesi zinazouzwa leo kwa reli za bustani. Kichomeo kimoja huingizwa ndani ya bomba moja pana, mwali hupangwa kwa kuzungusha kitufe, na pumzi za dohani hazina kazi yoyote kwenye moto. Kinyume chake, katika mashindano ya ufanisi wa injini ndogo yaitwayo IMLEC, yaliyoanza Uingereza mwaka 1969, makaa hupimwa kwa mizani na kazi ya kuvuta hupimwa nyuma ya injini. Anayepoteza mvuke ovyo hujionea kwenye mizani. Injini ambayo mvuke wake hauvuti moto inaweza kuzunguka bustani mchana kutwa, lakini haimfundishi mwenye nayo uhusiano wa moto, maji na mzigo, na uhusiano huo ndio ufundi wenyewe.