Mwanga Kabla ya Jasho

Bukavu imekaa juu ya vilima, yapata mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na wakazi wake hulipa ushuru wa vilima hivyo kwa mapaja. Mama anayepandisha gunia kutoka kando ya Ziwa Kivu, kamba ikimpita kwenye paji la uso, anaujua uchovu huo. Anaujua pia mchezaji wa OC Muungano au Bukavu Dawa anayeamka na miguu mizito baada ya dakika 90 katika uwanja wa Concorde, Kadutu. Dawa iliyozoeleka ni maji ya moto, mafuta na mikono inayojua kukanda.

Tiba ya mwanga inapindua mpangilio huo: misuli huhudumiwa kabla haijachoka.

Chanzo chake hakikuwa michezo. Mwaka 1967 huko Budapest, daktari Endre Mester aliwamulika kwa leza panya walionyolewa manyoya, akitaka kujua kama mwanga huo ungewaletea saratani. Saratani haikutokea, ila manyoya yaliota upesi kuliko ya panya wasiomulikwa. Kwa miaka mingi baadaye, leza hafifu ilitumiwa zaidi kwa vidonda na maumivu.

Mwaka 2008 watafiti wa Brazili, akiwemo Ernesto Leal-Junior, walichapisha jaribio lililofanywa kwa wachezaji 12 wa voliboli. Msuli wa mbele wa mkono ulimulikwa kwa leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 655, kisha mchezaji akakunja mkono akiinua uzito hadi akashindwa. Kila mmoja alipimwa siku mbili: siku moja kwa leza halisi, siku nyingine kwa leza isiyotoa mwanga wa tiba, na hakuambiwa ipi ni ipi. Kwa leza halisi waliinua mara nyingi zaidi. Kiwango cha lakteti katika damu, ambacho hupanda misuli inapofanya kazi nzito, hata hivyo hakikutofautiana.

Kwa nini msuli usikie mwanga? Maelezo yanayotegemewa zaidi yanaelekea kwenye mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, ambavyo misuli inavyo kwa wingi. Ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidesi, kinachonyonya mwanga mwekundu na wa infraredi iliyo karibu nao. Kikishanyonya, hutumia oksijeni vizuri zaidi na nishati huongezeka. Msuli ulioanza kazi ukiwa katika hali hiyo huchelewa kuchoka. Ndiyo maana saa ya kumulika ina uzito wake: mapendekezo ya kitaalamu yanataja dakika 5 hadi saa 6 kabla ya zoezi.

Kipimo nacho kina mipaka. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya majaribio 39 yenye washiriki 861 ulipata kwamba misuli midogo hufaidika kwa jouli 20 hadi 60 za nishati ya mwanga, na mikubwa kama ya paja kwa jouli 60 hadi 300. Chini ya hapo faida inaweza isionekane. Ukizidisha mno, faida hufifia. Anayemulika kwa kubahatisha anaweza kupoteza muda wake wote, na yapo majaribio ambayo hayakuona tofauti yoyote.

Kwa Bukavu kuna jambo la kuzingatia zaidi: ngozi. Melanini hunyonya mwanga mwekundu kuliko infraredi, hivyo kwenye ngozi nyeusi sehemu kubwa zaidi ya nanomita 655 huishia juu kabla ya kufika kwenye msuli. Nanomita 810 hadi 850 hupenya vizuri zaidi. Kocha atakayenunua kifaa aanze kwa kusoma namba hiyo, kisha nguvu ya kila taa kwa miliwati, maana bila nguvu hiyo hakuna anayeweza kukadiria jouli.

Umeme hauwezi kuwa kisingizio, ingawa mji ulio jirani na mabwawa ya Ruzizi bado unazimika mara kwa mara. Tuchukulie paja la mbele na la nyuma, miguu yote miwili, kila sehemu jouli 300: jumla ni 1,200. Kama taa inageuza theluthi tu ya umeme kuwa mwanga, zinahitajika jouli 3,600, yaani wati moja kwa saa moja. Betri ya simu ya kawaida hubeba takriban mara 15 ya hapo, kiasi cha kuhudumia timu nzima na wachezaji kadhaa wa akiba.

Jaribio la Brazili linaweza kurudiwa Kadutu. Linahitaji wachezaji 12, uzito wa kuinua, vifaa viwili vinavyofanana kimoja kikiwa kimezimwa kwa siri, na msimamizi asiyejua kipi ni kipi, mwenye daftari la kuandika kila mchezaji ameinua mara ngapi.