Mafuta ndiyo, maelezo hapana: Ayurveda na ngozi kavu ya majira ya baridi

Januari yangu ya kwanza kaskazini mwa India, miguu yangu ilifanana na tope la bwawa lililokauka. Nilikuwa nimetoka Tanga kwenda kusoma shahada ya uzamili, na Tanga hewa yenyewe inakulainisha. Sikuwa najua kwamba ngozi inaweza kupasuka kwa sababu ya hewa tu. Nikawa napauka, najikuna usiku kucha, magaga yananasa kwenye soksi.

Mwenzangu wa chumbani akaniletea chupa ya mafuta ya haradali kutoka kwao. "Haya yana joto, kaka," akaniambia. "Yanatuliza vata." Nikapaka asubuhi na jioni. Siku ya tatu miguu ikaanza kuwaka. Kufika mwisho wa wiki mipasuko ilikuwa imeongezeka badala ya kupungua.

Simlaumu hata kidogo. Alinipa alichopewa na mama yake, na ndicho ambacho miongozo mingi ya "kutunza ngozi wakati wa baridi kwa kanuni za Ayurveda" inakipendekeza mpaka leo. Ukisoma mmoja ni kama umeisoma yote: baridi ni msimu wa vata, vata ni ukavu, kwa hiyo jipake mafuta ya moto, kunywa vya moto, punguza sabuni, jisugue kwa unga wa dengu. Nataka tuisome miongozo hii kwa haki, maana ushauri mwingi uliomo ni mzuri. Kinachonisumbua ni sababu inayotolewa. Utaniuliza: ushauri ukiwa mzuri, sababu ina kazi gani? Nivumilie kidogo.

Wanapopatia

Tuanze na hewa. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi wa maji. Kwenye nyuzi 5 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba gramu 7 hivi tu, basi imejaa. Ichukue hewa hiyo, iingize chumbani, iwashie hita mpaka nyuzi 22. Sasa ina uwezo wa kubeba gramu 19, lakini maji yake ni yale yale. Unyevunyevu umeshuka mpaka karibu theluthi moja. Hewa hiyo ina kiu, na chanzo cha maji kilicho karibu nayo ni wewe.

Kinachokulinda ni tabaka la juu kabisa la ngozi, jembamba kuliko karatasi. Wanasayansi hupenda kulifananisha na ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na katikati yake kuna udongo wa kujengea uliotengenezwa kwa mafuta ya aina tatu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Udongo huo ukibomoka, maji yanatoka na vichokozi vinaingia. Sabuni ya mche huubomoa, na maji ya moto sana huusaidia kubomoka.

Sasa fungua maandiko ya zamani. Charaka Samhita inaufananisha mwili unaopakwa mafuta na chungu, ngozi ya mnyama na ekseli ya gari: vyote hudumu vikipata mafuta. Kitabu hicho hicho, kinapoeleza maisha ya msimu wa baridi, kinataka watu wapakwe mafuta na wakae mahali penye joto. Ashtanga Hridaya ya Vagbhata inaweka kujipaka mafuta, yaani abhyanga, kwenye ratiba ya kila siku. Watu hawa hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa na macho na majira mengi ya baridi ya kujaribia. Hata desturi ya kupaka mafuta kabla ya kuoga ina mantiki: mafuta hukaa kati ya ngozi na kile unachoogea. Hapo nawavulia kofia.

Vata ya kwenye intaneti si vata ya vitabuni

Ayurveda inasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Vata ni kama upepo: kavu, baridi, nyepesi, yenye mikwaruzo. Ukisikia hivyo, unajiambia moja kwa moja kwamba majira ya baridi ndiyo msimu wake, na miongozo ya kisasa inasema hivyo bila kusita.

Lakini Ashtanga Hridaya inagawa mwaka katika misimu sita, na ndani yake vata hujikusanya wakati wa joto kali, huchafuka wakati wa mvua, na hutulia baada ya mvua. Katika majira ya baridi inayojikusanya ni kapha, na katika majira ya kuchipua ndiyo inayochafuka. Ni kweli Charaka anasema upepo wa mwili unaweza kuchafuka kwenye baridi, hasa kwa mtu ambaye hakula vya kutosha wakati tumbo lake lina nguvu kubwa ya kusaga chakula. Hilo ni jambo lenye masharti yake. "Baridi ni msimu wa vata" ni ufupisho, na umefupisha mno. Kwa hiyo anayekuuzia chupa kwa jina la hekima ya miaka elfu mbili, muulize kwanza kama hekima hiyo ameisoma.

Halafu kuna yale majaribio ya "wewe ni vata au siyo?" Ngozi yako ni kavu? Mikono ni ya baridi? Usingizi wa mang'amung'amu? Mweke mtu yeyote kwenye chumba cha hita mwezi wa Januari, atajibu ndiyo mara tatu. Jaribio ambalo kila mtu analifaulu halijapima kitu.

Haradali, zeituni, alizeti

Sasa turudi kwenye swali lako la sababu. Kanuni ya miongozo hii ni kutibu kitu kwa kinyume chake: ukavu kwa ulaini, baridi kwa joto. Ukiifuata kwa uaminifu, mafuta bora ni yale "ya moto", na haradali inashinda asubuhi na mapema. Inawasha, kwa hiyo unasikia joto. Ila joto lile linatokana na kemikali ileile inayokutoa machozi ukila haradali kali. Ni kichokozi, na kwenye ukuta uliopasuka kinapita bila kupiga hodi.

Ngozi haiulizi kama mafuta ni ya moto. Inauliza yana asidi gani. Mwaka 2002, Darmstadt na wenzake walipaka mafuta mbalimbali kwenye ngozi ya panya iliyokwisha kuharibiwa. Mafuta ya alizeti yaliharakisha kupona kwa ukuta ule. Haradali na zeituni yalichelewesha. Mwaka 2013, timu ya Danby huko Sheffield, Uingereza, iliwapima watu wazima 19. Baada ya wiki chache, zeituni yalikuwa yamedhoofisha ukuta wa ngozi na kuleta wekundu kidogo, hata kwa watu wasiowahi kuwa na pumu ya ngozi. Alizeti hayakufanya hivyo, tena yaliongeza unyevu.

Tofauti kubwa ni hii: zeituni yamejaa asidi ya oleiki, ambayo huvuruga mpangilio wa ule udongo wa kujengea. Alizeti ya kawaida ina asidi nyingi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kutengenezea seramidi zake. Mafuta ya ufuta, ambayo ndiyo mafuta hasa ya vitabu vya zamani (neno la Kisanskriti la mafuta, taila, limetokana na tila, yaani ufuta), yana hizo mbili karibu sawa kwa sawa. Mafuta ya nazi yana familia nyingine kabisa ya asidi. Jaribio la mwaka 2004 kwa watu 34 wenye ngozi kavu lilionyesha yanafanya kazi sawa na mafuta ya madini.

Umeona sasa? Nadharia ya joto na baridi inakuambia upake mafuta, na hapo imepatia. Ikifika kwenye kuchagua chupa, imekwama. Na madhara yapo kwenye chupa.

Mengine kwa haraka

Unga wa dengu badala ya sabuni, sawa, mradi usijisugue kama unaparua sufuria. Limau usoni, hapana: ni asidi kali, na ngozi ikipigwa jua baada ya hapo inaweza kuungua. Eti mafuta "yanavuta sumu" kupitia ngozi? Hiyo ni kazi ya ini na figo, nazo haziombi msaada. Dawa za kumeza za "kusafisha vata", kuwa makini sana: utafiti wa mwaka 2004 eneo la Boston, Marekani, ulikuta bidhaa 14 kati ya 70 za Ayurveda zina risasi, zebaki au aseniki.

Ukiwa na ngozi kavu, oga kwa maji ya uvuguvugu, usikae bafuni muda mrefu. Jifute kwa kugusagusa, kisha paka ngozi ikiwa bado mbichi. Mafuta ya mgando yanatosha, hata kama hayana hadithi ya kuvutia. Magaga yanapenda krimu yenye yurea. Ukipenda mafuta ya mimea, chukua ufuta, nazi au alizeti, na kwenye alizeti soma lebo, kwa sababu ipo aina iliyozalishwa iwe na asidi ya oleiki nyingi.

Baridi iliyopita mwenzangu yule alinipigia simu. Dada yake amejifungua, bibi ameshika chupa ya haradali, anamkanda mtoto kila asubuhi, na mashavu ya mtoto yameanza kuparara. Nifanyeje, kaka? Nikamwambia bibi asinyang'anywe mtoto. Kule kukanda na mikono ya bibi ni vitu vizuri. Haradali iende jikoni. Nikamweleza pia kwamba jaribio la Manchester la mwaka 2016, kwa watoto wachanga 115, lilionyesha kuwa hata alizeti inaweza kuchelewesha mpangilio wa ukuta wa ngozi changa, kwa hiyo asikimbilie kubadilisha chupa kwa chupa. Mashavu yale ayaone daktari kwanza.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa bibi nitamwambia nini kuhusu vata?"

Mwambie alikuwa sahihi kwamba mtoto anakauka.