Fundi wa Mtindi Baridi

Mtindi wa kugandishwa uonjwe kwanza ukiwa mtupu. Ukishamwagiwa ubuyu, embe, karanga na biskuti zilizopondwa, hata ule uliotengenezwa ovyo utapita. Wenzangu wa ofisini walivutwa na vikorombwezo hivyo tulipokwenda Ijumaa moja jioni kwenye duka jipya la Masaki, Dar es Salaam, ambalo kila mtu alikuwa akilitaja. Mimi niliomba kikombe kisicho na kitu. Kilikuwa na uchachu wa maziwa mgando ya nyumbani, laini, bila chembe, baridi yake haiumi meno. Nikasogea kaunta kuzungumza na dada anayeutengeneza, naye kwa ukarimu akanieleza kazi yote huku mikono yake ikiendelea.

Kazi huanza siku moja kabla. Maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 85 za Selsiasi na kuachwa hapo kwa nusu saa. Wengi hudhani lengo ni kuua vijidudu tu. Joto hilo pia hufungua zile protini ambazo kwa kawaida hubaki kwenye maji ya mtindi, zikashikamana na kasini, protini kuu ya maziwa. Mshikamano huo ndio unaoupa mtindi uzito wake. Kisha maziwa hupozwa hadi nyuzi 43 hivi, ndipo hutiwa kimea. Hapo mwenye haraka huharibu: yakiwa bado moto sana kimea hufa, yakipoa mno kimea hulala.

Ndani ya kimea mna bakteria wa aina mbili, na ushirikiano wao ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Streptococcus thermophilus hutangulia. Hutoa asidi ya fomiki na kaboni dayoksaidi, na vitu hivyo humsaidia mwenzake, Lactobacillus bulgaricus, kukua. Huyu naye huvunjavunja protini na kumlisha aliyemtangulia. Kila mmoja peke yake angejikongoja. Wakiwa pamoja humaliza kazi kwa saa chache. Bakteria huyo wa pili alitambuliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, kijana wa Bulgaria aliyekuwa akisomea Geneva, lakini wafugaji walikwishamfanyisha kazi vizazi na vizazi bila kumjua jina.

Fundi akichelewa kuupoza mtindi, uchachu huzidi na maji huanza kujitenga. Dada yule huangalia kipimo cha pH kikaribie 4.6, kisha huinamisha chombo kidogo na kutazama mtindi unavyoachana na ukingo. Nikamwuliza anaamini kipi.

“Vyote, kaka. Kipimo kinaniambia umeiva. Ukingo unaniambia kama umeshikana.”

Marekani, ambako biashara ya mtindi wa kugandishwa ilikulia, uchachu wa mtindi uliwahi kukwepwa. Duka la kwanza la kampuni ya TCBY lilifunguliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1981, na kwa miaka mingi kilichopendwa ni mtindi mtamu unaokaribia aiskrimu. Kampuni nyingine, Pinkberry, ilipofungua duka West Hollywood mwaka 2005 ilikuja na uchachu waziwazi, na watu wakapanga foleni. Naona walikuwa wamerudishiwa chakula chenyewe.

Mtindi ukishapoa huchanganywa na sukari na maziwa ya unga kiasi, ukapumzika kwenye jokofu usiku kucha. Sukari haipo kwa ajili ya utamu tu. Huzuia maji yasigande yote, ndiyo maana hata kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri mtindi bado unachoteka. Maziwa ya unga hushika maji, lakini yakizidi, sukari ya maziwa hugeuka fuwele na kuukwaruza ulimi.

Kisha inafuata mashine. Mtindi ukigusa ukuta wa silinda yenye baridi kali, utando mwembamba wa barafu hufanyika, na visu vinavyozunguka huukwangua kabla haujanenepa. Ulimi huanza kuhisi chembe ya barafu inapokaribia sehemu moja ya ishirini ya milimita, kwa hiyo juhudi zote ni za kuzuia chembe zisifike hapo. Mzunguko huohuo huingiza hewa. Hewa ikipungua, kijiko hukwama. Ikizidi, mteja amenunua povu.

Saa ngumu, kwa maelezo yake, si zile za foleni. Ni zile za wateja wachache, mtindi unapokaa ndani ya silinda ukipigwapigwa bila kutoka, ulaini wake ukapotea. Nilimwona akitoa kiasi kilichokuwa kimekaa mdomoni mwa bomba, akakitazama, akakiweka pembeni, kisha akajaza kikombe kwa kilichofuata.

“Dada, hicho si bado kizima?” akauliza mhasibu wetu.

“Kizima, lakini kimechoka.”

Duka likifungwa, mashine hufunguliwa kipande kwa kipande: visu, vali, mipira ya kuzibia. Kila kimoja huoshwa, huwekwa dawa na kukaushwa, na mipira hupakwa mafuta maalumu yasiyo na madhara kwenye chakula. Mafuta ya maziwa yakibaki kwenye mfereji mmoja tu, ladha ya kesho hubadilika. Dada huifanya kazi hiyo mwenyewe ingawa ana wasaidizi, kwa sababu kikombe cha kwanza cha asubuhi hukionja yeye, na akikikataa, duka halifunguliwi mpaka apate kingine.