Dume la Nguruwe katika Shamba la Wanyama: Uhakiki wa Upokezi katika Muktadha wa Singida

Riwaya ya George Orwell ya mwaka 1945, iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama, kwa kawaida husomwa kwa kumchukulia nguruwe kuwa ishara ya kiongozi aliyesaliti mapinduzi. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujitoshelezi, kwa kuwa matini chanzi humtofautisha dume na nguruwe wengine. Sehemu hii inahakiki tofauti hiyo kwa kutumia dhana ya upeo wa matarajio ya Hans Robert Jauss, kwa kumzingatia msomaji wa mkoa wa Singida.

Kiswahili kimewapa baadhi ya madume majina yao na hadhi ya kisiasa. Beberu ni mbuzi dume na pia ni mkoloni. Fahali ni mtawala wa zizi. Nguruwe hana jina la namna hiyo, huongezewa tu neno dume. Kwa hiyo, uzito wa dume hauna budi kutafutwa katika msuko. Baada ya kifo cha mzee Major, naye akiwa dume, wanabaki madume wawili wa mbegu, Napoleon na Snowball. Nguruwe wengine wa kiume wananoneshwa kwa ajili ya nyama. Fahali wawili hawakai zizi moja, na Snowball anafukuzwa. Baadaye majike manne yanazaa watoto 31, ambao baba yao hahitaji kutajwa. Watoto hao wanaahidiwa darasa lao na kukatazwa kucheza na wenzao. Hapo udume unageuka kuwa chanzo cha tabaka la kurithi. Mkulima wa Singida anayelimia maksai anaelewa hoja hii bila kufafanuliwa: maksai hulima, fahali huacha uzao.

Hata hivyo, upeo wa matarajio wa msomaji huyo una taswira tatu zinazokinzana. Kwa Mwislamu, nguruwe ni najisi. Kwa kaya nyingine, nguruwe wa bandani ni kitoweo na akiba. Kwa mkulima wa dini yoyote, nguruwe pori anayefukua viazi usiku, pamoja na ngiri anayeshinda mbugani mchana, ni waharibifu wanaotoka nje ya shamba.

Taswira ya kwanza na ya tatu zinaweza kuipotosha maana ya riwaya. Ikiwa nguruwe ni mwovu kwa asili, hakuna usaliti. Kuna maumbile tu. Ikiwa mwizi hutoka porini, uzio unatosha. Orwell anakanusha yote mawili. Maziwa na matufaa yanachukuliwa na waliomo ndani ya uzio, tena kwa hoja kwamba ni kwa manufaa ya wote. Wala Napoleon harudii unyama wa porini: anahamia nyumbani kwa binadamu na kutembea kwa miguu miwili.

Kwa mantiki hiyo, taswira ya nguruwe wa bandani, isiyo na laana wala utukufu, ndiyo inayomfaa zaidi mhakiki. Inamruhusu kuhukumu matendo ya mhusika badala ya jinsi ya mnyama. Uhakiki unaoanza na unajisi wa nguruwe humwondolea Napoleon hatia yake, na kumnyima msomaji swali la msingi: nani alimwachia dume mmoja shamba zima?