Lugha, Mipaka na Madaraka ya Umma: Uhakiki wa Ripoti ya India ya 1955

Katika mijadala ya makada na wanafunzi juu ya muundo wa nchi zenye lugha nyingi, India hutajwa kwa haraka mno. Wengine husema kwamba India iliupa kila umma jimbo la lugha yake, na tatizo likaisha. Wengine husema kwamba ilijikatakata kwa kisu cha lugha. Yafaa basi turudi kwenye waraka uliozaa mjadala huo, yaani Ripoti ya Tume ya Kupanga Upya Majimbo, iliyotolewa mwaka 1955.

Chama cha Congress kilianza kupanga kamati zake za majimbo kwa kufuata lugha tangu mwaka 1920, kwa sababu mkulima hawezi kupigania uhuru kwa lugha asiyoijua. Lakini baada ya uhuru na kumeguka kwa Pakistan mwaka 1947, viongozi wale wale wakaogopa mipaka ya lugha. Ndipo Potti Sriramulu alipofunga kula akidai jimbo la wasemaji wa Kitelugu, akafa tarehe 15 Desemba, 1952. Jimbo la Andhra likazaliwa Oktoba 1953, na Desemba mwaka huo Tume ikateuliwa chini ya Fazl Ali, pamoja na Kunzru na Panikkar.

Tume hiyo haikukaa ofisini tu. Ilizunguka nchi, ikasikiliza watu zaidi ya 9,000 na kupokea hati zaidi ya 150,000. Hitimisho lake lilikuwa la kiasi: lugha ni kigezo muhimu, ila ipimwe pamoja na umoja na usalama wa nchi, fedha, utawala na mipango ya maendeleo. Kanuni ya "lugha moja, jimbo moja" ikakataliwa. Ilipendekeza majimbo 16. Sheria ya mwaka 1956 ikaunda 14.

Sisi tunaona kwamba Ripoti ilikuwa na haki kukataa kanuni hiyo. Tunalotofautiana nalo ni namna ilivyoitumia hukumu yake. Chukueni suala la Bombay. Wasemaji wa Kimarathi walikuwa wengi katika eneo lile, lakini viwanda na mabenki ya mji yalikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa matajiri wa Kigujarati na Kiparsi. Tume ikapendekeza jimbo la lugha mbili. Kilichoitwa ugomvi wa lugha kilikuwa pia ugomvi baina ya mfanyakazi wa kiwanda cha nguo na mwenye kiwanda, na Ripoti inaupita upande huo harakaharaka. Watu zaidi ya 100 waliuawa katika harakati za kudai Maharashtra kabla majimbo mawili hayajatenganishwa tarehe 1 Mei, 1960.

Telangana inatoa fundisho la upande wa pili. Watu wake walisema Kitelugu kama ndugu zao wa Andhra, lakini walitoka katika utawala wa Nizam wa Hyderabad, wakiwa nyuma kwa elimu na ajira. Tume ilishauri wabaki peke yao kwanza, na muungano usubiri kura ya thuluthi mbili ya baraza lao baada ya uchaguzi. Serikali haikusubiri, iliwaunganisha mwaka 1956. Machafuko yakazuka mwaka 1969, na tarehe 2 Juni, 2014 Telangana ikawa jimbo lake yenyewe. Wale wanaodai kwamba lugha moja huleta umoja wenyewe kwa wenyewe hawana budi kulijibu hilo.

Mhakiki mkali kuliko wote wa enzi ile alikuwa Ambedkar. Mwaka huo huo wa 1955 aliandika kwamba katika eneo la lugha moja kwa kawaida kuna kasta moja kubwa yenye ardhi, na wanyonge waliotawanyika vijijini watakuwa chini yake. Hapo ndipo penye kiini. Mpaka wa jimbo hauonyeshi ni nani mwenye shamba. Afisa akisema lugha ya mkulima, hilo ni jambo jema sana; lakini mwenye nyumba kubwa kijijini naye anaisema lugha hiyo hiyo.

Kwa hiyo swali la madaraka chini ya jimbo lilikuwa lazima liulizwe, na Ripoti, iliyotazama hasa mipaka ya majimbo, haikulipa uzito. Mabaraza ya vijiji yaitwayo panchayati yalizinduliwa Nagaur, Rajasthan, mwaka 1959, yakadhoofika mahali pengi, na hayakupata kinga kamili ya Katiba mpaka marekebisho ya mwaka 1992, yaliyotenga angalau theluthi moja ya viti kwa wanawake. Hata hivyo majimbo mengi yaliachilia viti yakashikilia fedha. Kerala ilifanya tofauti: kuanzia mwaka 1996 ilikabidhi serikali za mitaa kati ya asilimia 35 na 40 ya fedha za mpango wake.

(Msomaji wa Tanzania asicheke. Mwaka 1972 halmashauri zetu za wilaya zilifutwa, na sheria ya kuzirudisha ilikuja mwaka 1982. Kwa miaka yote hiyo mwanakijiji alielewa vizuri Kiswahili cha agizo la afisa, ila hakuwa na halmashauri ya wilaya ya kulijadili.)

Wanaobaki nje ya hesabu zote hizi ni watu kama Wagondi. Wasemaji wa Kigondi ni zaidi ya milioni 2, lakini mipaka ya mwaka 1956 na ile iliyofuata imewagawa baina ya Madhya Pradesh, Maharashtra, Chhattisgarh, Telangana na kwingineko. Kila mahali ni wachache. Lugha yao haimo miongoni mwa lugha 22 za Jedwali la Nane la Katiba. Sheria ya mwaka 1996 kuhusu panchayati katika maeneo ya makabila inataka baraza la kijiji au panchayati ishauriwe kabla ardhi haijatwaliwa. Haisemi mashauriano hayo yafanywe kwa lugha gani.